Mratibu wa usalama katika ujenzi

Mratibu wa usalama katika ujenzi (nchini Tanzania huitwa mara nyingi afisa usalama) ni mtu anayesimamia ulinzi wa maisha na afya ya watu wote waliomo katika eneo la ujenzi: mafundi, vibarua, waendesha mitambo, wageni na hata wapita njia. Yeye hajengi, lakini ana neno katika kila hatua ya kazi, tangu kuchimba msingi hadi kuezeka.

Historia

Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa na sheria ya viwanda ya mwaka 1950, ambayo ililenga hasa karakana na mashine. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayogusa sehemu za kazi za aina nyingi zaidi. Usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001. Makandarasi wenyewe husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997.

Wazo la kuwa na mratibu, tofauti na mkaguzi wa serikali, lilipata nguvu Ulaya. Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo kwamba eneo la ujenzi lenye makandarasi zaidi ya mmoja liwe na waratibu wa usalama na afya. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Fundi umeme hujali watu wake na mwashi hujali wake, lakini tofali linaloanguka halichagui. Hatari nyingi hukaa katikati ya kazi mbili, mahali ambapo kila bosi anadhani mwenzake ameshaangalia.

Kazi zake

Siku ya mratibu huanza kabla ya zege la kwanza kuchanganywa. Huitisha kikao kifupi cha asubuhi, cha dakika kumi hivi, kueleza kazi ya siku na hatari zake. Kikao hicho kina faida pale tu kinapotaja mambo halisi: mtaro ule pale, winchi ile, mvua ya jana. Maneno ya jumla kuhusu kuwa makini hayamsaidii mtu.

Baada ya hapo huzunguka. Hukagua majukwaa ya kupandia kama yamefungwa imara na yana vizuizi pembeni. Huangalia ngazi zilivyoegemezwa. Kanuni inayotumika sana ni kuweka mguu wa ngazi mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo. Huchunguza nyaya za umeme zilizolala majini na misumari iliyoachwa kwenye mbao.

Mitaro inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa watu wengi hawaiogopi. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hushindwa kupumua hata kama kichwa kiko nje. Kwa hiyo kuta za mtaro hulazwa au hutegemezwa kwa mbao na vyuma, na udongo uliochimbwa huwekwa mbali na ukingo.

Kofia ngumu, buti na reflekta ndivyo vitu vinavyoonekana zaidi, lakini katika taaluma hii huhesabiwa kuwa kinga ya mwisho. Kwanza hutafutwa njia ya kuiondoa hatari yenyewe, kwa mfano kufunga kenchi chini kisha kuipandisha, badala ya kuifungia juu.

Yapo pia madhara yasiyo na kishindo. Saruji mbichi huunguza ngozi, na vumbi la mawe na zege huharibu mapafu baada ya miaka, wakati mfanyakazi ameshahamia kwingine.

Mazingira ya Segera

Segera, mkoani Tanga, ni njiapanda ambapo barabara kutoka Chalinze hugawanyika: moja huenda Tanga, nyingine Korogwe na Moshi. Mahali kama hapa kazi za barabara hufanyika huku mabasi na malori yakipita. Mratibu hupanga vibao vya tahadhari mbali kabla ya eneo la kazi, watu wa bendera pande zote mbili, na taa za usiku. Hupaswa kufikiria pia wauzaji wa matunda na abiria wanaoshuka ghafla.

Ukanda huo una pia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo hupita Handeni na Korogwe. Katika kazi za mbali na mji, swali kubwa ni la hospitali: majeruhi atapelekwa Korogwe, Muheza au Bombo jijini Tanga, kwa gari gani, na nani anajua kumfunga jeraha njiani. Jibu huandikwa kabla ya kazi kuanza.

Mamlaka na ugumu wake

Mratibu huwa anaajiriwa na mkandarasi yuleyule ambaye kazi yake anaweza kuisimamisha. Hapo ndipo penye mtihani, hasa siku ya kumwaga zege, ambapo saa moja ya kusubiri ni hasara. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (1981) unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe, lakini kibarua anayelipwa kwa siku hukubali kupanda jukwaa bovu kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu. Mratibu asiyeungwa mkono na uongozi hubaki mgawaji wa kofia tu.

Sheria ya mwaka 2003 inawapa wafanyakazi wawakilishi wao wa usalama na afya, nao humsaidia mratibu kusikia yale ambayo vibarua hawamwambii.

Ajali ikitokea, mratibu huhifadhi eneo na kuorodhesha walioshuhudia, na taarifa hupelekwa kwa OSHA. Fidia hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Kwa familia ya kibarua asiye na mkataba wa maandishi, daftari la mahudhurio la asubuhi huweza kuwa ushahidi kwamba siku ile alikuwa kazini.