Je, wajua? Cro-Magnon ni jina la shimo

Machi 1868, vibarua walikuwa wakichota kifusi chini ya genge la chokaa kijijini Les Eyzies, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Treni zilikuwa zimeshafika huko na barabara ya karibu na kituo ilihitaji tuta. Sululu zikaanza kutoa vipande vya gumegume vilivyochongwa, kisha mifupa, kisha fuvu la mtu. Kazi ikasimamishwa. Serikali ikamtuma mwanajiolojia kijana, Louis Lartet, aje achimbe kwa utaratibu.

Alipata mabaki ya watu wazima wasiopungua wanne pamoja na mtoto mchanga. Wenyeji waliita mahali pale Cro-Magnon. Kwa Kioksitani, lugha ya asili ya huko, *cro* ni shimo. Magnon, inasemekana, alikuwa mwenye ardhi. Basi kila unaposoma kwamba "Wacro-Magnon" walikuwa watu wa kale wa Ulaya, unasoma habari za shimo la bwana mmoja, lililofukuliwa kwa ajili ya barabara.

Ukienda pale ukitarajia kitu kama mapango ya Amboni huko Tanga, yenye vyumba na vichochoro vya giza, utavunjika moyo. Hili ni pango kwa heshima tu. Kwa kweli ni ubavu wa jabali uliobonyea, na juu yake mwamba umechomoza kama upenu wa nyumba. Chokaa ya genge lile ina matabaka, mengine magumu, mengine laini. Enzi za baridi kali maji yalipenya kwenye tabaka laini yakaganda, na maji yakiganda hutanuka. Jiwe likapasuka na kumomonyoka kidogo kidogo, majira baada ya majira, hadi tabaka gumu la juu likabaki kuwa paa. Vipande vilivyoanguka ndivyo vilivyowafunika wafu, na ndicho kifusi walichokifuata vibarua.

Pamoja na mifupa yalipatikana makombe ya konokono wa baharini, takriban 300, mengi yakiwa yametobolewa ili yatungwe kama shanga. Bahari ya Atlantiki iko zaidi ya kilomita 150 kutoka pale. Ama watu wale walitembea mbali, ama walikuwa na jirani wa kubadilishana naye mali. Vipimo vya kaboni vya kombe mojawapo vilitoa umri wa miaka kama 28,000.

Fuvu mashuhuri kuliko yote ni la mwanamume anayeitwa "Mzee", ingawa huenda alikufa akiwa na miaka 50 hivi. Kwetu huyo bado angetumwa dukani na wazee wenyewe. Mfupa wa paji lake una kibonyeo cha mviringo kilichowasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walieleza katika jarida la The Lancet kuwa yaelekea aliugua neurofibromatosi, maradhi ya kurithi yanayootesha vinundu kwenye neva. Uso wake, walisema, ulijaa vinundu hivyo.

Watu wa Cro-Magnon hawakuwa viumbe tofauti nasi. Walikuwa *Homo sapiens*, wazao wa watu waliotoka Afrika, na ndiyo maana wanasayansi wengi siku hizi wanaliepuka jina la Cro-Magnon wanapowataja. Fuvu la Mzee liko Paris, katika jumba la makumbusho la Musée de l'Homme.