Somo la Redio: Daftari la Safari

Juma lililopita tulijifunza kuandika tarehe. Leo tutaona faida yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mbuga, maili, daftari.

Katikati ya Marekani iko mbuga pana sana. Ni nchi tambarare yenye majani. Miti ni michache na upepo ni mwingi. Hapo kale ilikuwa nchi ya Wadakota na makabila mengine ya wenyeji. Baadaye Serikali ya Marekani iliitwaa, ikawagawia walowezi mashamba. Miongoni mwa walowezi hao walikuwamo mume na mke, Almanzo Wilder na Laura Ingalls Wilder, waliooana mwaka 1885. Walikaa karibu na mji mdogo wa De Smet, katika jimbo la South Dakota.

Maisha yaliwawia magumu. Mwaka 1888 wote wawili waliugua dondakoo. Laura alipona, lakini Almanzo alipooza miguu, na hata alipopata nafuu aliendelea kuchechemea. Mwaka 1889 mtoto wao mchanga wa kiume alifariki, kisha nyumba yao ikaungua. Tena mvua zilikuwa haba, ngano ikakauka shambani, na deni likazidi. Basi wakakata shauri kuhamia jimbo la Missouri, upande wa kusini, ambako walisikia kuwa kuna miti na matunda mengi.

Waliondoka tarehe 17 Julai, 1894, kwa gari la kukokotwa na farasi, pamoja na binti yao Rose, mwenye umri wa miaka 7. Waliuvuka mto Missouri kwa kivuko penye mji wa Yankton. Wakapita Nebraska na Kansas, na tarehe 30 Agosti wakafika mji wa Mansfield, Missouri. Mwendo wote ulikuwa kama maili 650, yaani zaidi kidogo ya kilomita 1,000.

Sasa tufanye hesabu. Toka 17 Julai mpaka 30 Agosti ni siku 45. Gawanya 650 kwa 45. Umepata ngapi? Ni maili 14 na kidogo kwa siku. Mtu mwenye afya huweza kuutembea mwendo huo kwa saa tano hivi. Lakini farasi walikokota mzigo mzito katika jua kali. Ilibidi wapumzishwe, walishwe na kunyweshwa maji, la sivyo wangekufa njiani.

Je, tumejuaje habari hizi? Tumezijua kwa sababu Laura aliziandika. Alikuwa na daftari dogo la bei rahisi na kalamu ya risasi. Aliandika tarehe, joto, mito waliyoivuka, na hali ya ngano na mahindi mahali walipopita. Siku nyingine joto lilipita digrii 100 za Farenhaiti, yaani karibu 38 za Selisiasi. Walipopita mji wa Topeka alieleza jinsi barabara ya lami ilivyokuwa. Hakutafuta maneno makubwa. Aliandika alichokiona, basi.

Fikiri sasa, ndugu msikilizaji. Mkulima anayetafuta ardhi hupita mahali pengi, na baada ya siku kadhaa mambo humchanganyikia kichwani. Wapi mahindi yalistawi? Wapi yalikauka? Aliyeandika hufunua daftari akalinganisha. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kulikuwa na fedha pia. Kabla ya safari Laura alishona nguo kwa ujira wa dola moja kwa siku, tangu asubuhi mpaka jioni, wakaweka akiba ya dola 100. Noti hiyo waliificha ndani ya sanduku la kuandikia ambalo Almanzo alilitengeneza. Rose alisimulia baadaye kwamba walipokwisha pata shamba la kununua, walifungua sanduku wasiione noti. Siku zile zilikuwa za huzuni kubwa, kwani bila fedha ile hapakuwa na shamba. Baadaye noti ilionekana; ilikuwa imeteleza ndani ya ufa wa sanduku. Wakanunua ekari 40, wakakaa eneo la Mansfield maisha yao yote.

Dola zile 100 zilitumika, zikaisha. Daftari halikuisha. Laura alifariki mwaka 1957, umri wake miaka 90, na mwaka 1962 maandishi yale ya njiani yalichapwa kuwa kitabu. Jueni pia kwamba kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1932, naye alikuwa na miaka 65. Kwa hiyo asiwepo kati yenu atakayesema, "Mimi nimekwisha kuwa mzee."

Kazi ya juma hili:
1. Familia hii ilihama kwa sababu gani? Taja mbili.
2. Safari ilichukua siku ngapi?
3. Kila jioni, kwa siku saba, andika tarehe, hali ya hewa, na jambo moja uliloliona shambani, sokoni au njiani.

Siku ya nane msomee mwenzio nyumbani. Kwaherini, tukutane juma lijalo.