Fahamu: Jinsi utumwa ulivyoiingiza Marekani vitani
Juni 2, 1854, mjini Boston, Anthony Burns alipitishwa barabarani akizingirwa na askari hadi bandarini, arudishwe Virginia alikotoroka utumwa. Maelfu ya watu waliwazomea askari. Madirisha yalitundikwa vitambaa vyeusi, na juu ya barabara lilining'inia jeneza lililoandikwa “Uhuru”.

Sheria ya 1850 iliwalazimu hata watu wa Kaskazini kusaidia kumkamata mtumwa mtoro kama Burns. Hapo utumwa ukaacha kuwa jambo la Kusini pekee, ukabisha hodi kwa kila mtu.

Mwaka huohuo wa 1854, Bunge liliwaachia wakazi wa Kansas wajiamulie kuhusu utumwa. Waliouunga mkono na walioupinga wakapeleka watu na bunduki, damu ikamwagika. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, Mahakama ya Juu ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia.

Wapo wanaodai ugomvi wa Kaskazini na Kusini ulihusu haki za majimbo tu. Si kweli: tamko la jimbo la Mississippi la kujitenga na Marekani linautaja utumwa waziwazi. Watu karibu milioni 4 walimilikiwa kama mali. Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa kuenezwa magharibi, alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1860, jimbo la South Carolina lilijitenga Desemba. Aprili 12, 1861, mizinga ikalia katika ngome ya Fort Sumter, na vita vikaanza.