Saratani inapojirudia ndani ya ukoo

Mama mmoja alivuka na kivuko cha Kamanga alfajiri, akaingia kliniki na bahasha ya majibu. Hayakuwa yake, yalikuwa ya dada yake. Mama yao alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 44, mama mdogo akafuata. Sasa dada naye ana uvimbe.

"Daktari, nyumbani wanasema ni mkosi. Zamu yangu lini?"

Sikumwambia asijali. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi; zitokanazo na kasoro ya kurithi ni takriban tano hadi kumi katika kila mia. Lakini ndugu wa damu wanapougua wakiwa chini ya miaka 50, au saratani ya matiti na ya ovari zinapokutana katika ukoo mmoja, ni lazima tuulize zaidi. Kadhalika mwanamume akipata saratani ya titi.

Jeni zinazotajwa sana ni BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995. Zikiwa salama husaidia kukarabati vinasaba vilivyoharibika. Mzazi mwenye kasoro humwachia kila mtoto nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Ndiyo maana shangazi, dada wa baba, huhesabiwa sawa na mama mdogo, ingawa wagonjwa wengi hunitajia upande wa mama tu. Na anayerithi kasoro hajarithi ugonjwa. Wapo wasiougua kamwe.

Nilimpa karatasi akawaulize wazee: nani aliugua nini, akiwa na umri gani. "Kidonda cha ziwa" na "tumbo lilijaa maji" viandikwe pia, kwa kuwa huenda ndiyo majina ya zamani ya ugonjwa huu.

Yeye ana miaka 36. Nilimpima kwa mikono, sikukuta uvimbe. Kwa kuwa mama yake aliugua mapema, hatungoji miaka 40: ataanza mamografia sasa, kila mwaka. Kipimo cha jeni, kikipatikana, kianze kwa dada aliyeugua, kwani kasoro ikijulikana kwake, wengine watapimwa hiyohiyo.

Alirudi baada ya wiki mbili, karatasi imejaa pande zote. Nyuma yake alikuwa kaka yao, baba wa mabinti wawili, akiuliza kama naye anahusika.

Nikampa kiti.