Maneno mafupi na asili zake (2): Kaa la moto na kaa wa pwani

Sehemu ya kwanza ilihusu maneno marefu ya kukopa, ambayo kwa kawaida hayafichi yalikotoka. Alhamisi au baiskeli haihitaji mtaalamu. Leo tunaingia kwenye maneno mafupi, na huku ndiko watu wengi hupotea.

Tuanze na kaa. Yupo kaa wa pwani anayetembea kwa ubavu, lipo kaa la moto, na kipo kitendo cha kukaa. Ni rahisi kuzua hadithi ya kuyaunganisha: kaa ameitwa hivyo kwa sababu hukaa shimoni, na kaa la moto kwa sababu hukaa na joto muda mrefu. Hadithi hizo ni tamu, lakini hazina ukweli. Haya ni maneno matatu yaliyokuwa tofauti tangu zamani, na kilichoyaleta pamoja ni sauti zilizopotea.

Mojawapo ni l. Kiswahili kiliidondosha katikati ya irabu katika maneno mengi, wakati ndugu zake waliihifadhi. Tunasema njaa, Mchewa wa Malawi husema njala na Mkongomani anayesema Kilingala husema nzala. Makaa yetu kwa Kichewa ni makala, kwa Kigikuyu makara, kwa Kinyarwanda amakara. Lakini ukiuliza neno la kukaa, Mnyarwanda hakupi umbo lenye kara. Atakwambia kwicara, na Mgikuyu atakwambia gũikara. Pale mwanzoni palikuwa na i, ambayo kwenye neno la makaa haikuwepo kabisa. Kiswahili kiliidondosha i hiyo, kikaidondosha na l, na maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yakawa na sura moja.

Msomaji asidhani ni lazima asafiri hadi Kigali kuthibitisha haya. Ushahidi umo kinywani mwake. Tunasema kaa, lakini kiti tunakikalia. Tunasema vaa, lakini mtu huvalia kanzu. Mama huzaa, mtoto huzaliwa. Ile l iliyotoweka hurudi mara tu kinyambuo kinapoongezwa, kwa sababu haikuondoka katika shina. Na ikikutana na i ya zamani hugeuka z: ndiyo maana aliyekaa mahali ni mkazi, aliyezaa ni mzazi, na kinachovaliwa ni vazi. Mimi sijui uthibitisho wa kihistoria ulio karibu na mzungumzaji wa kawaida kuliko huu, na nasikitika kwamba shuleni vinyambuo hukaririwa bila kuelezwa.

Kuna neno jingine linaloingia katika mjadala huu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, makala ndiyo mkaa wa kupikia. Jijini Kinshasa ipo wilaya ya Makala, na lipo gereza kubwa linalojulikana kwa jina hilo. Nayo makala unayoisoma sasa imetoka katika Kiarabu, maqāla, kutokana na kitenzi qāla, yaani alisema. Herufi sita zile zile, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, wala hazijawahi kujuana.

Kwa nini mgongano wa namna hii hutokea mara nyingi? Tupige hesabu. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5. Silabi za konsonanti na irabu zitakuwa 100, na maneno ya silabi mbili yanayowezekana ni 10,000 tu. Ongeza silabi ya tatu, yatafika milioni moja. Duniani zipo lugha zipatazo 7,000, na kila moja inayahitaji maneno mafupi kwa mambo ya kila siku. Haiwezekani zisigongane. Saba kwetu ni hesabu tuliyoipata kwa Waarabu. Japani ni samaki wa jamii ya vibua. Ufilipino ni aina ya ndizi za kupika.

Maneno ya kifamilia yanadanganya zaidi. Dada kwetu ni ndugu wa kike, kwa Wabengali ni kaka mkubwa, kwa wasemaji wa Kihindi ni babu mzaa baba. Huko Georgia, mama ni baba, na mama mzazi huitwa deda. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili mwaka 1960: m, b, p na d pamoja na irabu a ni miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa ambazo mtoto huziweza, na wazazi kila mahali huzipokea wakidhani wameitwa. Kwa hiyo maneno haya hayafai kuwa ushahidi wa undugu wa lugha.

Mfano unaonishangaza kuliko yote umetoka Australia. Katika miaka ya 1960, mtafiti R. M. W. Dixon alikuwa Queensland akikusanya maneno ya Kimbabaram kutoka kwa mzee Albert Bennett. Alipouliza mbwa anaitwaje, alijibiwa: dog. Kama Waingereza! Ungedhani limekopwa. Lakini lugha jirani, Kiyidiny, humwita mbwa gudaga. Kimbabaram kilikuwa na desturi ya kuangusha silabi ya kwanza, kugeuza a iliyofuata kuwa o ikiwa neno lilianza na g, na kuangusha irabu ya mwisho. Hatua hizo zilipita katika maneno mengine pia, na ndizo zilizoifikisha gudaga kwenye dog.

Basi anayeleta orodha ya maneno kumi yanayofanana ili kudai kwamba Kiswahili ni tawi la Kiarabu, au kwamba Wabantu walitoka Misri, aulizwe swali moja: mabadiliko yako ya sauti yanajirudia wapi? Njaa na njala, kaa na kala, zaa na zala, vaa na vala: hapo l inapotea kwa utaratibu ule ule. Carl Meinhof alipoandika juu ya sauti za Kibantu mwaka 1899, alitegemea ulinganifu wa namna hii.

Wiki ijayo: haya ya aibu, haya ya kuhimiza na haya ya mambo haya.