Je, Wajua? Bei ya Kipuri Adimu Huamuliwa na Aliyeshindwa Mnadani

Katika mnada wa eBay, soko la mtandaoni lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, mshindi halazimiki kulipa kiasi cha juu alichoandika. Hulipa kidogo tu zaidi ya dau la anayemfuata. Chukua pampu ya Kugelfischer ya kupulizia petroli, iliyofungwa kwenye baadhi ya Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968. Wakijitokeza wawili wanaoihitaji kwa dhati, bei hupaa. Akijitokeza mmoja, huondoka nayo kwa bei ya chee, isipokuwa muuzaji ameweka kima cha chini. Kwa hiyo bei ya mnada mmoja si thamani ya kipuri.

Wapo watakaosema uadimu wenyewe hupandisha bei. Hautoshi: magari yakibaki machache, wanunuzi nao hupungua. Wengine huhofia kwamba dau la mapema huwaamsha wapinzani, na hoja hiyo ina uzito. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walionyesha mwaka 2002 kwamba madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay, ambako mnada hufungwa saa iliyopangwa, kuliko Amazon, ambako dau la mwishoni liliongeza muda. Lakini kuvizia hakumwokoi asiyejua kikomo chake. Kabla ya kuandika dau, omba picha ya namba iliyo kwenye chuma, ilinganishe na ya kipuri chako, kisha jumlisha gharama ya usafirishaji na ushuru.