Kabla ya Kubonyeza "Anza": Maswali Saba ya Kujiuliza

Baada ya Sala ya Alfajiri, si jambo geni siku hizi kuwaona kinababa na kinamama wakitembea kwa haraka barabarani, simu mkononi, wakifuata maelekezo ya programu ya mazoezi. Ni jambo la kheri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nasi Waislamu twajua kuwa mwili ni amana.

Hata hivyo, programu nyingi zina ukurasa ambao wengi wetu huupita bila kuusoma: ule unaouliza hali ya afya, au unaomtaka mtumiaji amuone daktari kwanza. Tuchukue mfano wa kijana anayempakulia baba yake programu. Hujaza umri na uzito, kisha akabonyeza "Nakubali" kwa niaba yake. Hajui kuwa baba ana miezi sita akimeza vidonge vya shinikizo la damu kimyakimya, asije akaitia familia hofu. Simu nayo haijui. Kesho yake inamwamuru mzee huyo arukeruke kama kijana wa miaka 20.

Tangu miaka ya 1970, wataalamu nchini Kanada walitunga maswali ya mtu kujihoji kabla ya kuanza mazoezi. Baadaye yakawa saba. Tunayaeleza hapa kwa maneno yetu:

1. Je, daktari amewahi kukueleza kuwa una tatizo la moyo?
2. Je, kifua hukuuma unapofanya kazi ya nguvu?
3. Je, mwezi uliopita kilikuuma hata ulipokuwa umetulia?
4. Je, hushikwa na kizunguzungu ukayumba, au umewahi kuzimia?
5. Je, una maradhi ya mifupa au viungo yanayoweza kuzidishwa na mazoezi?
6. Je, unatumia dawa za shinikizo la damu au za moyo?
7. Je, ipo sababu nyingine ya kukuzuia?

Jibu la "ndiyo", hata likiwa moja, halimharamishii mtu mazoezi. Linamtaka aende kwanza zahanati, apimwe na ashauriwe.

Swali la dawa lina uzito wa pekee. Programu nyingi hukadiria kikomo cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri katika 220. Mwenye miaka 50 huwekewa 170. Hayo ni makadirio ya wastani tu. Zipo dawa, kama vile atenololi, zinazopunguza kasi ya moyo, na anayezitumia anaweza kujichosha kupita kiasi akiifukuzia namba hiyo. Kipimo chepesi cha mwendo wa wastani ni hiki: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini pumzi isikutoshe kuimba kaswida.

Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kitu kwanza. Achukue glukosi mfukoni, avae viatu vinavyomtosha, na akague nyayo zake arudipo, kwani huenda akapata kidonda asihisi maumivu.

Na yeyote atakayebanwa kifua, kuishiwa pumzi isivyo kawaida au kushikwa na kizunguzungu, asimame papo hapo na atafute matibabu, hata kama simu inamhimiza aendelee.

Enyi vijana, msiwajibie wazazi wenu. Wasomeeni maswali haya jioni ya leo. Nanyi wazazi, msione haya kuwaeleza watoto maradhi yenu. Siri iliyofichwa kwa nia ya kuwaepusha na hofu yaweza kuwaletea msiba. Allah atujaalie afya njema na busara ya kuitunza.